Tairi 25, 28 au 32 kwa lami za vijijini: ipi inafaa zaidi?

Lami_Nyembamba
Wakuu, habari zenu. Nina baiskeli ya barabara yenye breki za diski, imekuja na tairi za 700 x 25, yaani upana wa milimita 25. Njia zangu ni zile barabara ndogo za mashambani ambazo gari hupita kwa nadra: lami ya viraka juu ya viraka, kingo zimemeguka, kwenye kona changarawe imejikusanya, na sehemu nyingine nyasi zimeanza kuota katikati. Nikitoka ni kilomita 60 hadi 80, na milima ipo ya kutosha. Nina kilo 75. Tairi zimelika, nataka mpya. Niko kati ya 25 tena, 28 au 32. Mwendo naupenda, ila mikono inaingia ganzi kabla sijafika nusu ya safari. Mnashaurije?

MzeeSpoku
Mkuu, ganzi hiyo imeshajibu nusu ya swali lako. Usiangalie upana peke yake, angalia na upepo ambao upana huo unakuruhusu kujaza. Kwa uzito wako, 25 inataka psi (kipimo cha upepo wa tairi) 85 hadi 90, la sivyo rimu itakuwa inagonga kwenye mashimo. 28 inatosheka na 70 hadi 75. 32 unaweza kuishusha mpaka 55 hadi 60 ikakubeba vizuri. Mbele punguza 3 hadi 5 kuliko nyuma, kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito, asilimia 55 hadi 60 hivi.

Wengi bado wanaamini tairi nyembamba iliyojaa ngumu ndiyo yenye kasi. Kwenye sakafu laini kama kioo inaweza kuwa kweli. Kwenye lami ya viraka, tairi ngumu haimezi kokoto, inakurusha juu yake. Kila ukirushwa, nguvu uliyoitoa miguuni inaishia kutikisa mikono, mgongo na mapaja badala ya kukusogeza mbele. Hapo ndipo ganzi inapotoka, na mwendo pia unapotea hapohapo.

Tena hata kwa upepo uleule, tairi pana inagusa lami kwa alama fupi na pana, kwa hiyo haibonyei sana kama nyembamba na inapoteza nguvu kidogo kuliko hiyo. Waendeshaji wa Paris–Roubaix, mashindano yaliyoanza 1896 na yanayopita barabara za mawe za mashambani kaskazini mwa Ufaransa, leo wengi wao wamefika milimita 30 na kuendelea. Wale hawafuati starehe, wanafuata ushindi.

Mimi nasema 32, kama fremu inakubali.

MpandaMlima
Naheshimu maelezo ya mzee, ila mimi nabaki na 25, au 28 kama ni lazima. Amesema milima ipo. Tairi pana ni nzito, na mlimani kila gramu unaibeba mwenyewe. Halafu kuna upepo wa mbele: tairi pana inakata hewa vibaya zaidi, hasa kwenye rimu nyembamba.

MzeeSpoku
@MpandaMlima tupige hesabu ndugu yangu. Tairi ya modeli moja, ukitoka 25 kwenda 32, tofauti kwa kawaida haifiki gramu 100 kila moja. Tuseme gramu 150 kwa zote mbili. Mwendeshaji, baiskeli na chupa za maji ni kama kilo 85. Hiyo ni chini ya asilimia 0.2 ya mzigo. Mlima wa dakika 30 unakugharimu sekunde 3 hivi. Anayeteseka mlimani atazame gia kwanza. Akiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, anaweza kupanda kwa kilomita 8 kwa saa bila kuua magoti. Hapo ndipo atakapoona tofauti.

Kuhusu hewa uko sahihi, ila ni suala la mwendo. Nguvu ya kupambana na hewa inapanda kwa mchemraba wa kasi: kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 40 unahitaji zaidi ya mara 4. Anayekimbia 40 kwenye barabara kuu afikirie hewa. Kwenye njia za kona na viraka, mwendo wa 25, lami ndiyo inayokula nguvu zako.

BintiPedali
Mmezungumza kasi sana, naomba niongeze la usalama, maana mimi njia zangu ni hizohizo.

Barabara za mashambani hatari yake haiko kwenye magari mengi, iko kwenye kona usiyoiona mbele. Unashuka, ua wa miti umeziba, unaingia kona, kumbe trekta limemwaga tope au kokoto zimetawanyika palepale unapotaka kulaza baiskeli. Tairi ya 32 yenye psi 55 inapita juu ya kokoto ikiwa imeshika. Ya 25 yenye 90 inateleza kwanza, wewe unajua baadaye. Kwangu hilo linatosha kufunga mjadala, hata kama 25 ingekuwa na kasi zaidi.

Ila tairi pana isikupe kiburi. Njia ya gari moja, shuka kwa mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona. Nusu ile nyingine ni ya anayekuja, naye anahitaji nafasi ya kusimama. Na usikate kona hata kama barabara inaonekana tupu.

Jambo jingine: msihangaike na tairi zenye michoro mizito. Kwenye lami, hata ya mvua, tairi laini inashika vizuri, baiskeli haina kasi ya kuelea juu ya maji. Michoro inasaidia kwenye tope na udongo.

FundiRimu
Kabla hujanunua chochote, pima nafasi. Chukua spana za L, ile ya milimita 4 ndiyo kipimo. Ipitishe kati ya tairi na foku juu na pembeni, kisha nyuma pale mabomba mawili ya chini yanapokaribia ekseli ya pedali. Zungusha gurudumu taratibu, uone kama kuna mahali rimu imepinda na pengo linabana. Tope na kokoto vinapita hapo, kwa hiyo tairi mpya ikishafungwa bado ibaki milimita 4 kila upande. Usiamini namba iliyoandikwa ubavuni pekee: 28 kwenye rimu yenye upana wa ndani wa milimita 21 inaweza kufika 30.

Kama rimu zako ni zile zisizo na ndoano ya kukamata tairi ukingoni, usizidishe psi 72. Hapo 25 kwa uzito wako haiwezekani kabisa.

Pancha je? Tairi ikiwa haina upepo wa kutosha, tyubu inabanwa kati ya rimu na shimo, unakuta matundu mawili kama umeng'atwa na nyoka. Tairi pana inapunguza hilo. Miba haijali upana. Ukipata pancha, usiweke tyubu mpya kabla hujapitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kikinasa mahali, mwiba bado upo, wakati mwingine ni ncha ambayo jicho halioni. Tyubulesi, yaani tairi isiyo na tyubu, ni nzuri kwa njia za miba, ila dawa yake ya kuziba matundu inakauka baada ya miezi michache, lazima uongeze.

Lami_Nyembamba
Nashukuruni sana. Nimepima kama alivyosema fundi. Mbele nafasi ni kubwa, 32 inaingia bila shida. Nyuma, 32 itabakiza kama milimita 3 upande wa cheni. Rimu zina ndoano. Niweke 30 pande zote, au 32 mbele na 28 nyuma?

FundiRimu
Milimita 3 hapana, kokoto moja ikikwama itakwangua fremu. 30 pande zote ni salama.

MzeeSpoku
Mimi ningeweka 32 mbele na 30 nyuma. Kilio chako ni mikono, na mikono iko juu ya gurudumu la mbele. Anza na psi 55 mbele na 65 nyuma, kisha punguza mbilimbili mpaka utakapohisi rimu inakaribia kugonga, halafu rudisha mbili.

MpandaMlima
Kwa 30 nyuma hata mimi sina pingamizi.

BintiPedali
Kama kipima mwendo chako kinahesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, badilisha na namba ya mzingo wa gurudumu (kwa milimita) ndani yake: kutoka 2105 ya tairi 25 weka 2155 ya 32. Ukiiacha, kilomita 80 zitasomeka 78.