Tubadilishe mfumo wa udhibiti wa kiwanda cha kuchenjua madini kwa mkupuo mmoja au kwa awamu?

Swali
Ndugu wataalamu, vipuri vya vidhibiti vyetu havipatikani tena, na kompyuta za chumba cha udhibiti bado zinatumia Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2014. Tunakusudia kufunga mfumo mpya kwenye kinu cha kusagia na kwenye matangi ya kuelesha madini kwa povu. Je, tubadilishe vyote kwa pamoja? Matangi yananitia hofu zaidi, kwa sababu kila tukiuachia mfumo, kina cha povu hupanda na kushuka, hivyo waendeshaji wamezoea kuzirekebisha vali kwa mkono.

Jibu la 1
Anza na hilo la mwisho, kabla hujanunua chochote. Malisho ya kinu yakiwa yametulia, acha vali ya tangi moja katika nafasi isiyobadilika, kisha utazame grafu ya kina cha povu. Mawimbi yakikoma, chanzo kimo ndani ya mzunguko wenyewe wa kudhibiti tangi hilo, ama ni vali inayonasa ama kidhibiti kilichopangwa kwa ukali mno; yakiendelea, yanatoka kwenye hatua zinazotangulia tangi, na mimi ningeikagua kwanza pampu inayopeleka tope kwenye haidrosaikloni, yaani chombo kinachotenganisha chembe kubwa na ndogo kwa kulizungusha tope. Vali inayonasa itanasa vilevile chini ya mfumo mpya, na lawama zitauangukia mfumo huo.

Jibu la 2
Naungana na mwenzangu. Kuhusu swali lenyewe, nenda kwa awamu, ukianza na kinu siku kinaposimamishwa kubadilishiwa bamba za ndani, kwa kuwa siku hizo zimeshapotea kwa uzalishaji. Kila ishara ipimwe kutoka kwenye kifaa hadi kwenye skrini, kwa miliampia 4, 12 na 20, yaani chini kabisa, katikati na juu kabisa ya kipimo. Waya ukikatika ishara hushuka hadi 0, nayo programu lazima iitambue kuwa ni hitilafu, isije ikadhani tangi ni tupu. Kinga za kinu, kama ile ya shinikizo la mafuta ya beringi, zijaribiwe kwa kuzifanya zifanye kazi kweli. Kusoma programu hakutoshi.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na kengele za tahadhari, tuzihamishe zote?

Jibu la 2
Hapana, nakusihi. Mwongozo wa EEMUA 191, unaohusu mifumo ya kengele viwandani, unachukulia kengele moja kwa kila dakika 10 kuwa kiwango anachokimudu mwendeshaji mmoja kiwanda kinapokwenda kawaida. Kaeni na waendeshaji, na kila kengele isiyowadai kuchukua hatua yoyote muiondoe.