Hellcat, ZL1 au GT500: ipi ya kwendea kazini, na je, leseni ya kawaida inatosha?

Mtoa mada, Columbus (Ohio)

Wakuu, kijiweni kwetu ubishi huu hauishi, nauleta hapa tubishane kwa hoja badala ya sauti. Dodge Challenger SRT Hellcat, Chevrolet Camaro ZL1 na Ford Mustang Shelby GT500. Milango miwili, V8 yenye supachaja (nikisema V8 namaanisha injini ya silinda nane, hapa ikisukumiwa hewa kwa nguvu, si Land Cruiser ya mkurugenzi), nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma. Zote tatu zimekoma kutengenezwa. GT500 iliishia toleo la 2022, Challenger ya mwisho ilitoka kiwandani Brampton, Kanada, Desemba 2023, na Camaro ikafungwa majira hayohayo pale Lansing, Michigan. Anayeitaka leo ananunua iliyotumika, na atakaa nayo.

Maswali ni mawili. Ipi unaweza kuiendesha Jumatatu hadi Jumapili, mtoto nyuma na mizigo ya sokoni kwenye buti? La pili ndilo linalotugombanisha: gari yenye nguvu za farasi 700 iuzwe kwa yeyote mwenye leseni ileile aliyofanyia mtihani kwa Corolla?

Msimamo wangu kwa la kwanza: Challenger ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo ya mwisho kwenye kona, lakini ndiyo pekee ninayoweza kumshauri mtu aifanye gari yake ya pekee. Na ile namba ya farasi tunayotambiana haina msaada wowote katika kuamua.

Angalieni. Hellcat ilianza na farasi 707 kwenye toleo la 2015, ikapanda 717 toleo la 2019. GT500 ina 760. ZL1 ina 650, mnyonge wa kundi. Sasa mnyonge huyo, akiwa na kifurushi cha 1LE, mwaka 2017 alizunguka uwanja wa mashindano wa Nürburgring kule Ujerumani kwa dakika 7 na sekunde 16.04, tena kwa gia za mkono. Injini ni ileile ya ZL1 ya kawaida. Kilichobadilika ni shokapu za Multimatic, bawa la kaboni nyuma na matairi ya Goodyear yanayokaribia ya mashindano. Halafu ZL1 ina kama kilo 1,770 wakati Hellcat inavuka 2,000.

Upande wa pili, Hellcat ya kawaida ilitoka kiwandani na matairi ya nyuma yenye upana wa milimita 275. Farasi 707 juu ya 275! Ukikanyaga gia ya kwanza au ya pili, sehemu kubwa ya hizo farasi inaishia kwenye moshi. Ndiyo maana baadaye wakaleta ile yenye mabega mapana, tairi 305. Kwa hiyo mtu akinitajia farasi, mimi namuuliza tairi.

Na maisha ya kila siku? Buti la Challenger ni lita 459 hivi, la Mustang 382, la Camaro 258. Nyuma ya Challenger wanakaa watu watatu wenye mikanda yao, na watu wazima wanaenea. Camaro ni nzuri ajabu kuiendesha, sikatai, ila kuona nje ni kama umevaa kofia ya pikipiki. Kurudi nyuma kwenye maegesho unategemea kamera na dua.

Fundi, Houston

Mkuu umeipita GT500 kama huijui. Hizi gari napokea zote gereji. GT500 ina gia boksi ya klachi mbili, gia saba, inabadilisha chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ukiwa kwenye foleni inatambaa kistaarabu tu. Ford walisema robo maili inamalizwa chini ya sekunde 11. Dodge kwa Hellcat yao walitangaza 11.2 kwa matairi ya barabarani. Kwenye kona huwezi hata kuzilinganisha. Buti lake si baya, na shokapu zinabadilika ugumu kwa kubonyeza kitufe.

Ila usinunue yenye kifurushi cha kaboni halafu uniletee lawama. Ile haina kiti cha nyuma kabisa, magurudumu yenyewe ni ya kaboni, na matairi ni Michelin Pilot Sport Cup 2. Shimo moja la barabara za hapa Houston na utaniona mimi mbaya nikikutajia bei.

Wa Minneapolis

Kaka zangu mnaongea kama watu wanaoishi mwezi wa saba mwaka mzima. Mimi ni muuguzi, natoka zamu saa moja asubuhi, Januari, theluji hadi magotini. Tairi za kiangazi zikishuka chini ya nyuzi 7 mpira unaanza kuwa mgumu, na kwenye baridi kali yetu hizo Cup 2 zinaweza hata kupasuka ukizisogeza tu. Sasa ZL1 na GT500 zinakuja na tairi gani? Haya. Angalau Challenger waliiuza na tairi za misimu yote tangu dukani, hapo nampa mtoa mada pointi moja. Moja tu.

Na mbona hakuna aliyetaja wizi? Taasisi ya HLDI inayokusanya takwimu za madai ya bima Marekani ilitoa ripoti yake ya 2023, ikionyesha Charger SRT Hellcat, ndugu yake Challenger mwenye milango minne, inaibiwa zaidi ya mara 60 ya wastani wa magari mengine ya matoleo ya 2020 hadi 2022. Ripoti ya baadaye ikaiweka Camaro ZL1 kileleni, mara 39 ya wastani. Dodge wenyewe walilazimika kuleta programu ambayo usipoingiza namba ya siri, injini inabaki na farasi wasiofika 3. Mtu anayeegesha gari kwenye jengo la maegesho la hospitali usiku kucha, mnamwambia hiyo ni gari ya kila siku? Kwanza apate kampuni ya kumkatia bima.

Mtoa mada, Columbus

Dada, la wizi nalikubali lote, na linawapiga Dodge na Chevrolet kwa pamoja. Lakini usisahau kulikuwa na Challenger GT inayovuta magurudumu yote manne, V6 ya farasi 305. Buti lilelile, siti zilezile, sura ileile.

Fundi, Houston

V6 sasa imeingiaje kwenye mada ya supachaja? Hapo umeshasalimu amri.

Wa Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Huku Oman theluji hatuna, tuna nyuzi 45, na hilo ni tatizo la aina yake. Supachaja inabana hewa, hewa ikibanwa inapata moto, na hewa ya moto inapunguza nguvu. Kanyaga mara mbili tatu mchana wa mwezi wa sita, farasi ulizolipia hazipo tena, kompyuta imezizuia kulinda injini. Ndiyo maana mimi huiangalia Redeye, ile Hellcat ya farasi 797: inatumia mfumo wa kiyoyozi cha gari kupoza maji yanayopoza hewa ya injini. Wallahi hiyo ni akili.

Lingine ni safari. Maskati hadi Salala ni kama kilomita 1,000. Hellcat ya otomatiki barabara kuu inakula kama lita 11 kwa kilomita 100, tangi lita 70, unakwenda kilomita 600 bila wasiwasi. GT500 inakula 13, tangi lita 60. Kila ukitulia unatafuta kituo cha mafuta, na huko jangwani vituo havijapangwa kwa ajili yako. Na mwendo wenyewe? Kibao 120, kamera njia nzima. Hapo tofauti ya 650 na 760 nani anaiona? Nachoona mimi ni kiti. Kiti cha Challenger ni kochi.

Wa Nairobi

Sisi wa huku tunasoma tu kwa mate. Kenya gari ya usukani wa kushoto haisajiliwi kwa matumizi ya kawaida, na iliyotumika isizidi miaka minane. Hakuna hata moja ya hizo tatu iliyotoka kiwandani na usukani wa kulia. Mustang GT ya kawaida ndiyo inayo, tangu kizazi cha 2015. Kwa hiyo boss, jibu la Nairobi ni Mustang GT, mjadala umefungwa. Endeleeni.

Wa Adelaide

Niliingia kwa ajili ya swali la pili, naona mnalikimbia. Hapa Australia Kusini si nadharia tena. Tangu tarehe 1 Desemba 2024, gari yenye kilowati 276 au zaidi kwa kila tani inahitaji leseni ya daraja U, na unaipata baada ya kufanya kozi. Sheria ilitokana na ajali ya 2019 hapa mjini, ambapo msichana wa miaka 15 aliuawa na Lamborghini akiwa anatembea kwa miguu. Kuzima mifumo inayozuia gari kuteleza nayo imekuwa kosa kwa magari hayo. Mimi naunga mkono. Hakuna anayekunyang'anya gari, unaambiwa ujifunze kwanza. Lori tunalisomea, basi tunalisomea. Kwa nini hii isisomewe?

Mtoa mada, Columbus

Asante kwa kuleta sheria yenye namba, maana inanisaidia zaidi mimi kuliko wewe. Piga hesabu. Hellcat: kilowati 527 (ndizo zile farasi 707) kwa tani 2.02, inatoka 261. Imepita, haihitaji leseni U. GT500: 567 kwa 1.89, inatoka 300. Imenaswa. ZL1: 485 kwa 1.77, inatoka 274, iko mpakani, inategemea umeipima na mafuta kiasi gani kwenye tangi.

Yaani gari nzito, yenye tairi nyembamba, ngumu kuisimamisha, ndiyo inayoruhusiwa kwa leseni ya kawaida. Ile yenye tairi za 315 nyuma ndiyo hatari. Tena ukiiongezea Hellcat mzigo wa chuma, inazidi kuwa salama mbele ya sheria. Aliyegongwa na tani mbili hatajua tofauti hiyo.

Na mbona tunazisakama gari za kelele peke yake? Tesla Model S Plaid ina farasi 1,020, milango minne, na mama anapeleka watoto shule. Ram 1500 TRX ya 2021 hadi 2024 ni pikapu iliyobeba injini ya ukoo huohuo wa Hellcat, farasi 702, ipo juu kama ghorofa. Marekani kuna kodi ya magari yanayokula mafuta sana tangu sheria ya 1978, dola 1,000 hadi 7,700 kwa gari moja, lakini pikapu hazimo. Hellcat ilikuwa inalipa, TRX ilikuwa hailipi.

Mafunzo siyapingi. Dodge walikuwa wanampa mnunuzi wa SRT siku moja ya shule ya udereva Arizona ndani ya bei. Na Hellcat inakuja na funguo mbili, mwekundu unatoa nguvu zote, mweusi unaishia farasi 500. Mimi ningesema sheria iwe hivi: miezi ya mwanzo ufunguo mweusi tu, na mifumo ya kuzuia kuteleza isizimike. Gari yenyewe tayari inaweza.

Wa Adelaide

Hesabu yako sina ubishi nayo. Lakini unachokipendekeza bado ni sheria, umeibadilishia nguo tu. Na nani atakagua umetoka nyumbani na ufunguo gani? Leseni polisi anaiona mkononi. Mstari ukiwekwa mahali pabaya unasogezwa, uzito mkubwa nao uhesabiwe kuwa hatari badala ya kuipunguzia gari namba, basi. Kutokuwa na mstari wowote ndiyo hali mliyonayo Ohio, na umekiri mwenyewe kwamba matairi hayawezi kubeba hizo farasi.

Wa Minneapolis

Hapo Adelaide amekubana, kaka. Mimi nimeshaamua natafuta Challenger GT ya V6. Niangalie nini kabla sijatoa pesa?

Fundi, Houston

Dada, ingawa umechagua gari isiyo na sauti, nakusaidia. Iinue juu, angalia kutu chini, hasa kama imekaa huko kwenu kwenye chumvi ya barabarani. Tairi nne ziwe za aina moja na zilingane kulika, maana mfumo wa magurudumu manne hautaki tofauti. Linganisha namba ya chasi kwenye kioo, mlangoni na kwenye hati. Na kama kuna anayesoma hapa akitafuta Hellcat, adai funguo zote mbili, nyekundu na nyeusi, kabla ya kuingiza mkono mfukoni. Akiambiwa mwekundu ulipotea wakati wa kuhama, aage kwa heshima aondoke.