Naomba ushauri: ukoo wa Uswisi, kijiji cha asili hatukijui

Habari zenu wakuu. Mama mkwe wangu, hapa Indiana, Marekani, anatokana na Waswisi wa Mennonite (dhehebu la Kikristo) walioanzisha mji wa Berne, hapa hapa Indiana, mwaka 1852. Tumepekua kumbukumbu za koo katika maktaba ya Allen County, Fort Wayne, tukapata karatasi ya mazishi ya babu yao: jina, mwaka, kisha "Schweiz" (yaani Uswisi kwa Kijerumani) basi. Kijiji hakuna!

Na kijiji ndicho kila kitu. Mswisi hadi leo huandikiwa kijiji cha asili, yaani pale ukoo wake ulipoandikishwa, kwenye pasipoti. Usajili wa serikali nchi nzima ulianza 1876, kabla ya hapo ni vitabu vya parokia. Sasa Mennonite hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo huenda hawamo kwenye vitabu hivyo. Je, nianzie wapi? Orodha za abiria wa meli zitasaidia? Mama ana hamu mno, naomba mnisaidie.