Kifaa cha haidrojeni kwenye IST, mfumo wa gesi, au kusubiri?

Mwenye IST, Tabata

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wa watu wanaoyafahamu magari na nishati kuliko ninavyoyafahamu mimi. Ninaendesha Toyota IST yenye injini ya cc 1,300 kwa kazi ya teksi za mtandaoni, na safari zangu nyingi ni za Kariakoo, Uwanja wa Ndege, Mbezi na Masaki, kwa hiyo sehemu kubwa ya petroli yangu huishia kwenye foleni za Buguruni na Ubungo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo, ndipo ninapojua kama mwezi huo nitabakiwa na kitu.

Fundi mmoja ananishawishi nifunge kifaa anachokiita cha haidrojeni. Ni chombo cha chuma chenye sahani ndani yake, hujazwa maji ya kuongezea betri yaliyochanganywa na soda kostiki kidogo, hupata umeme kutoka kwenye altaneta, na mpira wake hupeleka gesi inayozalishwa humo kwenye njia ya hewa ya injini. Anasema matumizi ya petroli yatapungua kwa asilimia 40. Mwenzangu wa kijiweni ananiambia niachane na hilo nifunge mfumo wa gesi asilia, na mwingine anashauri nisifunge chochote, kwa kuwa magari ya haidrojeni yanakuja na haya yote yatapitwa na wakati. Fedha niliyo nayo inatosha jambo moja tu. Lipi lina ukweli, na kwa sababu gani? Ningependa kuielewa sababu yenyewe.

Mhandisi Mitambo, Kijitonyama

Ndugu yangu, usifunge kifaa hicho. Nitaeleza kwa kutumia uniti, hizi hizi tunazonunua kwa Luku, kwa sababu nishati hupimika kwa kipimo kimoja, iwe imo ndani ya waya au ndani ya tangi la petroli.

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban uniti 9. Injini ya petroli katika mwendo wa mjini hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati hiyo kuwa nguvu ya kuzungusha, na iliyobaki hutoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Sasa chukulia petroli yenye nishati ya sehemu 100. Sehemu 25 ndizo zinazofika kwenye mzunguko wa injini. Ukizitumia zote kuzungusha altaneta, ambayo nayo hupoteza karibu nusu ya inachopewa, utapata umeme wa sehemu 14 hivi. Umeme huo ukiyapasua maji ndani ya chombo, kiasi cha theluthi yake hupotea kwa kuyapasha moto maji yenyewe, na haidrojeni inayotoka hubeba sehemu 9. Haidrojeni hiyo ikirudi kuungua katika injini ile ile, ambayo inajua kutumia robo tu ya inachopewa, italeta nguvu ya sehemu 2. Umetoa 25 na kurudishiwa 2, na hakuna ufundi wa sahani, wala wa soda kostiki, unaoweza kuigeuza hesabu hiyo ikawa faida. Maji ni haidrojeni ambayo ilikwisha kuungua, kama majivu yalivyo kuni zilizokwisha kuungua, na kuyarudisha yawe haidrojeni hugharimu nishati yote ile iliyotoka wakati wa kuungua pamoja na ziada.

Wauzaji wakibanwa kwa hoja hii hujibu kwamba gesi hiyo haiongezi nishati, bali huisaidia petroli kuungua vizuri zaidi. Jibu hilo nalo halisimami. Injini yenye injekta na sensa ya oksijeni, kama ya IST, tayari inaunguza karibu petroli yote inayopewa, kwa hiyo hakuna akiba kubwa iliyofichika humo inayosubiri kuokolewa. Tazama pia vipimo vyenyewe: kifaa kinachovuta ampea 20 za volti 12 hutoa gesi ya lita moja na ushei kwa dakika, ilhali injini yako ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni zake hufagia nafasi ya lita 1,300 katika dakika hiyo hiyo.

Utakutana na watu watakaoapa kwamba wameona nafuu, na wengi wao hawasemi uongo kwa makusudi. Mtu aliyetoka kulipia kifaa na anayepima mafuta yake kila siku huanza kukanyaga pedali kwa utaratibu, na hilo peke yake hupunguza matumizi. Baadhi ya vifaa hivi pia huja na kisanduku kinachoidanganya sensa ya oksijeni ili kompyuta ya gari ipunguze petroli. Gari linakosa nguvu, joto la silinda linapanda, na gharama inakuja baadaye kwenye valvu. Kuhusu gari linalotembea kwa maji matupu, jambo hilo lilikwisha kufikishwa mahakamani. Mmarekani Stanley Meyer, aliyedai kuwa na gari la namna hiyo, alishtakiwa na watu waliokuwa wamempa fedha zao, na mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliona kwamba huo ulikuwa udanganyifu na kuamuru warudishiwe.

Kinachonitia hofu zaidi ya fedha yako ni usalama wako. Haidrojeni hushika moto ikiwa ni asilimia 4 hadi 75 ya hewa iliyopo, na katika kifaa hicho inatoka ikiwa imekwisha kuchanganyika na oksijeni, karibu na waya na betri, ndani ya boneti yenye joto. Soda kostiki huunguza ngozi na macho, na ikivutwa na hewa kuingia kwenye injini hula sehemu za aluminiamu.

Fundi Mifumo ya Gesi, Ubungo

Ninaungana na Mhandisi, nami nizungumzie upande wa gesi asilia kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Naomba msomaji azingatie kwamba ninanufaika watu wanapofunga mifumo hii, kwa hiyo nitataja na ubaya wake.

Gesi tunayojaza magari hapa Dar es Salaam ni ya nchini. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuletwa mjini kwa bomba mwaka 2004. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Karibu yote ni methani, na kwenye gari huhifadhiwa ikiwa imeshindiliwa kwa presha ya bar 200. Kilo moja ina nishati inayolingana na ya lita moja na nusu ya petroli. Bei ambayo tumeizoea kituoni ni shilingi 1,550 hivi kwa kilo, kwa hiyo kile ambacho petroli ingekifanya kwa lita moja, gesi inakifanya kwa takriban shilingi 1,030. Ukichukua petroli kuwa shilingi 2,800 kwa mfano, na ukiwa unachoma lita 10 kwa siku, unabakiza kiasi cha shilingi 17,700 kila siku ya kazi. Mfumo ukikugharimu milioni mbili, fedha yako inarudi ndani ya miezi minne hadi mitano. Mtu anayelitumia gari lake kwenda kanisani na sokoni tu nisingemshauri afunge, kwa sababu itamchukua miaka kuirudisha.

Ubaya wake ni huu. Mtungi unakula buti, na abiria wa Uwanja wa Ndege mwenye masanduku mawili atakulalamikia. Nguvu ya injini hupungua kwa kiasi cha asilimia 10, na utaisikia ukipanda mlima wa Kimara ukiwa na abiria wanne na kiyoyozi kimewashwa. Vituo bado ni vichache ukilinganisha na magari, ingawa kituo mama cha TPDC, shirika la umma la mafuta na gesi, kilichopo barabara ya Sam Nujoma, jirani na Chuo Kikuu, kimeongeza pa kujazia, na muda wa kukaa kwenye foleni ni sehemu ya gharama ambayo watu husahau kuihesabu. Wenye uzoefu hujaza usiku sana au alfajiri. Petroli nayo hutaiacha kabisa, kwa kuwa gari huwaka kwa petroli na kuhamia gesi injini inapopata joto, na tangi likikauka pampu ya petroli huungua.

Kabla ya kufunga, fundi mwaminifu ataikagua injini kwanza: plagi, koili, mgandamizo wa silinda, na uvujaji wa hewa. Gesi huhitaji cheche kali zaidi kuliko petroli, hivyo injini iliyochoka itakusumbua zaidi ikiwa kwenye gesi. Kisha uangalie mtungi mwenyewe kwa macho yako. Uwe na mhuri unaoonyesha kiwango uliotengenezewa, presha yake, mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kupimwa, na usikubali mtungi uliochomelewa au uliopakwa rangi mpya juu ya mhuri. Nasisitiza jambo moja kwa uzito wote: mtungi wa gesi ya jikoni hauwezi kamwe kuchukua nafasi ya mtungi huu. Gesi ya jikoni ni propani na butani, hugeuka kimiminika kwa presha ndogo tu, na mtungi wake haukuundwa kuhimili bar 200. Ukiujaza gesi asilia kwa presha hiyo, unapasuka.

Mkazi wa Kisarawe

Kwa anayemshauri asubiri, nakumbusha habari za mibono (jatrofa). Huku kwetu tuliambiwa kwamba mbegu zake zingetoa dizeli ya kuendesha magari ya Ulaya, kampuni ya kigeni ikapewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji, na mwaka 2011 ikafunga shughuli zake. Hakuna daladala hata moja iliyotembea kwa mibono ile, na vijiji viliachwa bila ajira walizoahidiwa na bila ardhi yao. Nishati mpya ninaitaka kwa moyo wote, ila kila inayotajwa iulizwe inapatikana wapi leo na kwa bei gani.

Mwenye IST, Tabata

Nawashukuru sana. Kifaa nimeachana nacho. Linabaki swali moja. Nimeona kwenye minada ya Japani Toyota Mirai zilizotumika, ambazo ni za haidrojeni halisi, zikiuzwa kwa bei ya chini isiyolingana na uzuri wake. Bwawa la Julius Nyerere, kule Mto Rufiji, lina megawati 2,115. Je, hatuwezi kuzalisha haidrojeni yetu kwa umeme wa Rufiji?

Mhandisi Mitambo, Kijitonyama

Kuzalisha tunaweza, na swali lako ni la msingi, kwa sababu umeme wa maji unaweza kutoa haidrojeni safi. Haidrojeni nyingi duniani leo inatokana na gesi asilia, na kila kilo yake huacha kilo 9 au zaidi za kaboni dayoksaidi. Lakini ifuate hesabu hadi kwenye gurudumu.

Kuzalisha kilo moja ya haidrojeni kutokana na maji huhitaji uniti 50 hadi 55, na kuishindilia hadi bar 700, ambayo ndiyo presha ya mitungi ya Mirai, huongeza nyingine kadhaa. Tuseme ni uniti 60. Kwa bei ya nyumbani ya takriban shilingi 356 kwa uniti, huo ni umeme wa zaidi ya shilingi 21,000, bila kuhesabu mtambo, kituo wala faida ya mwenye kituo. Kwa kilo hiyo Mirai hutembea kiasi cha kilomita 100. IST yako kwa umbali huo hutumia petroli ya lita 7 hivi, ambayo ni karibu fedha ile ile. Uniti hizo hizo 60 zikiingizwa kwenye betri ya gari la umeme zinalipeleka zaidi ya kilomita 300. Hiyo ndiyo sababu bei za Mirai zimeshuka hata kwenye nchi zenye vituo. Huko California, ambako magari haya yalipewa msaada mkubwa kuliko sehemu nyingi, Shell ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo mwaka 2024.

Hapa kwetu hakuna pampu ya kuijazia Mirai. Isitoshe, mitungi yake ina ukomo wa kujazwa wa miaka 15 tangu ilipotengenezwa, na Mirai za kwanza zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2014, kwa hiyo unayoiona mnadani huenda imekwisha kula sehemu kubwa ya umri huo. Ukitaka umeme siku za usoni, tafuta gari la betri, na uwe mwangalifu na Nissan Leaf za mwanzo, ambazo betri zake hazina mfumo wa kupozwa kwa kimiminika na huchakaa haraka kwenye joto kama la pwani.

Mwalimu wa Kemia, Mbagala

Nakubaliana na hesabu ya Mhandisi kwa magari madogo, ila nisingependa wasomaji waondoke wakidhani haidrojeni haina kazi nchini. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa amonia, na amonia haiwezi kupatikana bila haidrojeni, ambayo kiwandani hutumika pale pale inapozalishwa, bila kushindiliwa kwa bar 700 wala kusafirishwa. Ikiwa siku moja tutakuwa na umeme wa ziada wa Rufiji, mkulima wa mahindi wa Songea ana haki nao kabla ya mwenye Mirai wa Masaki.

Fundi Mifumo ya Gesi, Ubungo

Nimalizie upande wa mwenye swali, kwa kuwa amenitumia ujumbe akiuliza kama fedha yake itapotea iwapo ataiuza IST. Mtungi na sehemu nyingi za mfumo huhamishika kwenda gari jingine la petroli, ilimradi idadi ya silinda za injini iwe ile ile, kompyuta ya gesi ipangwe upya kwa injini hiyo mpya, na mtungi ukapimwe kabla haujafungwa tena. Hifadhi cheti cha mtungi tangu siku ya kwanza, kwa sababu kikikosekana hakuna fundi makini atakayekubali kuuhamisha mtungi huo.