"Usihukumu" ni ngao ya nani?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila matusi. Siku hizi hapa Uganda ukimkosoa mwenye cheo hujibiwi hoja, unaambiwa "usihukumu". Kesi ya mabati ya Karamoja, yale ya wanyonge wa kaskazini-mashariki yaliyoishia kwa wakubwa, ilipozuka mwaka 2023, na mawaziri watatu wakapandishwa kizimbani mwezi Aprili, walokole na mashekhe wa vijiweni wakawa kitu kimoja: tusihukumu, tumwachie Mungu.

Mimi nasema neno limetekwa. Kuhukumu ni kumkatia mtu shauri, kumfunga au kumtangaza kuwa ameoza na hafai tena. Kuuliza mabati yaliyotengewa wanyonge yalifikaje kwa wakubwa, huko ni kuuliza tu. Hata Mathayo 7, wanayopenda kuinukuu, haiishii kwenye "msihukumu". Mstari wa 5 unataka utoe kwanza boriti jichoni mwako, ndipo uone vema kukitoa kibanzi cha nduguyo. Kibanzi bado kinatolewa!

Wa Bombo: Taratibu, ndugu. Katiba yetu, ibara ya 28, inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe. Wewe unauliza, sawa, lakini mtaani walishamwita waziri mwizi kabla hajasomewa mashtaka. Ana watoto, wanasoma na wetu. Sheria ni moja kwa mkubwa na mdogo.

Wa Kisenyi: Kwa mdogo? Afande, njoo huku paki ya teksi. Kijana akikwapua simu, ukelele mmoja wa "mwizi!" unatosha: mawe, tairi, petroli. Sijawahi kumsikia mtu akisema "jamani, tusihukumu". Huruma hiyo tumewawekea wenye magari. Mimi sitaki neno lifutwe, nataka lifike na huku kwetu.

Wa Bombo: Hapo sibishi. Lakini dawa ya umati si kuwaonjesha umati na mawaziri.

Wa Kisenyi: Nani kasema umati? Nimesema tuulize.

Mama wa Arua: Wanangu, mmeng'ang'ania mawaziri na wezi. Kwetu binti akipata mimba kabla ya ndoa, anayemtoa kwaya ni yule yule aliyesema waziri aachiwe Mungu. Hamuulizi kitu, wala hangoji ushahidi, na aliyempa mimba anaendelea kupiga ngoma Jumapili. Mwanzilishi wa mjadala, huyo anayemtoa binti kwaya umemweka upande gani, wa kuuliza au wa kuhukumu?