Nitrojeni kwenye matairi: tofauti ni kubwa kiasi gani?

Wakuu, dereva anaambiwa upepo wa kawaida unaharibu matairi, ajaze nitrojeni. Haambiwi kwamba huo upepo wa kawaida tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78, na oksijeni ni kama 21 tu. Anachouziwa ni ile tofauti inayobaki.

Tofauti ipo, sikatai. Oksijeni hupenya kwenye mpira upesi kuliko nitrojeni. Jarida la Marekani la Consumer Reports liliwahi kupima matairi ya aina 31 kwa mwaka mzima, yote yakianzia psi 30 (psi ni kipimo cha presha ya tairi). Yenye upepo yalipungua psi 3.5, yenye nitrojeni 2.2. Psi 1.3 kwa mwaka! Ukipima kwa geji kila mwezi, pengo hilo hulioni, na geji itakuonyesha pia msumari na valvu inayovuja. Nitrojeni haizuii pancha.

*Mchangiaji:* Mkuu, mbona ndege zinatumia? Na fundi wangu anasema upepo hutanuka tairi likipata moto, nitrojeni haitanuki.

*Mleta mada:* Hilo la kutanuka fundi amekosea, ndugu yangu. Gesi zote mbili zikiwa kavu, presha hupanda karibu sawasawa. Kinachovuruga ni maji: kompresa isiyomwagwa maji yake huyasukuma hadi ndani ya tairi, yakageuka mvuke kukiwa na joto. Hapo dawa ni kuitunza kompresa.

Ndege ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1986 ndege ya Mexicana ilianguka nchini Mexico, wakafa watu wote 167. Breki ilipata moto kupita kiasi, na tairi lake, lililojazwa upepo wa kawaida, likalipuka. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani ikaagiza nitrojeni kwenye magurudumu yenye breki ya ndege kubwa. Gari dogo la kwendea kazini halifikii moto wa namna ile.

Ukipewa bure, jaza. Ninachogombea ni huyu aliyetishwa kwamba gesi hizi hazichanganywi: tairi limelegea, pampu ya upepo iko mbele yake, naye anaipita na kuendesha hivyo hivyo hadi afike kwenye nitrojeni. Tairi legelege kwenye mwendo mkali hupata moto na kupasuka. Mkuu, ongeza upepo wowote ulio karibu, hapo hapo.