TSH imepanda, nianze matone ya iodini? Naomba ushauri

Nuru_K
Habari za humu wakuu. Naomba mwongozo kuhusu tezi ya shingo. Majibu ya maabara: TSH (homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi, hupanda tezi ikilegea) 8.2 (mwisho wa kawaida wameandika 4.0), T4 huru (homoni ya tezi yenyewe kwenye damu) ipo kawaida ila upande wa chini. Uvimbe shingoni hauonekani. Umri miaka 31, na mpango wa ujauzito upo. Nimeshauriwa matone matatu ya Lugol (maji ya iodini) ya asilimia 5 kila asubuhi, eti tezi ikilegea ujue imekosa madini joto, yaani iodini. Jikoni natumia chumvi ya mawe ya bahari. Matone nianze? Na chumvi hii inatosha?

KipimoSahihi
Dada, matone usianze. Piga hesabu kwanza: tone moja la Lugol hiyo lina miligramu 6 hivi za iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, kwa hiyo tone moja tu ni mahitaji ya siku 40. Matone matatu ni zaidi ya mara 120 ya unachohitaji. Kikomo cha juu kwa mtu mzima Marekani ni mikrogramu 1,100 kwa siku; Ulaya wameweka 600.

Ni kweli tezi haitengenezi homoni bila iodini. T4 ina atomi nne za iodini, na T3, homoni yake nyingine, ina tatu. Ila si kila TSH iliyopanda ni upungufu wa iodini. Kwa watu wanaopata madini joto ya kutosha, sababu kubwa ya tezi kulegea ni Hashimoto, yaani kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe. Hapo malighafi ipo, kiwanda ndicho kinachobomolewa.

Na tezi yenye Hashimoto ndiyo isiyostahimili dozi kubwa. Iodini ikiingia nyingi kwa ghafla, tezi husimamisha kazi ya kutengeneza homoni; Wolff na Chaikoff walilieleza jambo hili mwaka 1948. Tezi yenye afya hurudi kazini baada ya siku chache. Yenye Hashimoto inaweza kushindwa kurudi, TSH ikazidi kupaa na T4 ikashuka kweli. Kwa mwenye rovu la siku nyingi lenye vinundu mambo yanaweza kwenda kinyume: vinundu vinavyojiendesha vyenyewe hupata iodini tele na kumwaga homoni, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka, uzito ukapungua.

Cha kufanya: rudia TSH na T4 huru, na uongeze kipimo cha anti-TPO, kinachoonyesha kama kinga ya mwili inaishambulia tezi. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha, soma kama vina biotini. Viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, maana kwenye mashine nyingi biotini huifanya TSH isomeke ndogo kuliko ilivyo.

Nuru_K
Asante sana. Kuna kipimo cha iodini kwenye mkojo, kinafaa? Na ile ya kupaka iodini mkononi usiku kisha kuangalia kama doa limefutika?

KipimoSahihi
La kupaka mkononi achana nalo kabisa. Doa hufifia kwa sababu iodini hugeuka mvuke na kubadilika ikiwa juu ya ngozi. Halisemi lolote kuhusu tezi.

Cha mkojo ni kipimo halali, ila kimetengenezwa kwa ajili ya jamii, si mtu mmoja. Watafiti huchukua sampuli za watu wengi na kutafuta namba ya katikati: ikiwa kati ya mikrogramu 100 na 199 kwa lita, jamii hiyo iko sawa (kwa wajawazito ni 150 hadi 249). Mkojo wako wa leo unaweza kusoma 60 na wa kesho 220 kutegemea ulichokula na maji uliyokunywa. Ukitaka picha ya mtu mmoja, sampuli kama 10 za siku tofauti ndizo zinazoanza kueleweka.

FundiChumvi
Kuhusu chumvi: ya bahari kwa asili yake ina iodini kidogo mno, jina lisikudanganye. Tafuta kwenye pakiti maneno "madini joto" au "potasiamu aiodeti". Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miligramu 20 hadi 40 za iodini kwa kilo ya chumvi. Chukua 30: gramu 5 za chumvi, ambazo ni kijiko kimoja cha chai, zinakupa mikrogramu 150. Na hizo gramu 5 ndiyo mwisho kwa siku, usiongeze chumvi kwa kutafuta iodini, utaumiza presha.

Inapopotea ni hapa: pakiti kuachwa wazi karibu na jiko, unyevu, jua. Hamishia kwenye chombo kikavu chenye kifuniko na utie chumvi chakula kikikaribia kuiva. Chumvi ya mawe watu huiosha kuondoa mchanga, na iodini iliyonyunyiziwa juu ya punje huondoka na maji yale. Kile kimiminika cha kupimia kinachogeuza chumvi kuwa buluu kitakuambia iodini ipo. Kiasi gani, usikitegemee.

Baraka_M
Na muhogo na kabichi, aache?

FundiChumvi
Hapana. Vinaisumbua tezi pale iodini inapokuwa haba na vinapoliwa kwa wingi kila siku. Kabichi ipikwe, muhogo mchungu ulowekwe na kuandaliwa vizuri, basi.

MkungaMwandamizi
Naona wengi mmelipita la ujauzito, na ndilo lenye haraka. Nusu ya kwanza ya mimba mtoto hutegemea zaidi T4 ya mama, na ubongo wake unajengwa wakati huohuo. Kwa hiyo TSH ya 8.2 isikae kusubiri. Mwone daktari kabla ya kushika mimba. Wengi huanzisha levothairoksini (vidonge vya T4) na kulenga TSH chini ya 2.5.

Mahitaji ya iodini kwa mjamzito ni mikrogramu 250. Vidonge vya wajawazito vingi vina 150, ila vingine havina hata chembe, soma kopo. Kama tayari upo kwenye levothairoksini, mwulize daktari kama unavihitaji. Vidonge vya mwani usiguse, kiasi cha iodini ndani yake hakitabiriki.

Levothairoksini imezwe tumbo tupu kwa maji, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Madini ya chuma na kalsiamu yakae mbali nayo kwa muda wa saa nne, maana huizuia isifyonzwe. Wajawazito wengi hukosea hapo kwa kumeza vyote pamoja asubuhi. TSH irudiwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza. Ukipata mimba, mjulishe daktari siku hiyohiyo: dozi kawaida hupandishwa asilimia 20 hadi 30, na TSH hupimwa kila wiki 4 hivi hadi katikati ya mimba.